Nahodha Asiyekaa Kitini

Kosa langu la kwanza mbele ya Nahodha lilikuwa la usafi. Niliingia ukumbi wa klabu asubuhi, nikakuta mbao za keram zimepangwa juu ya meza, kila moja imejaa vumbi jeupe, na wageni wako barazani wanakunywa chai. Nikaona aibu kwa niaba ya klabu nzima. Nikatafuta ndoo, nikachovya kitambaa, nikazifuta zote, hata zile pembe ambazo watu wavivu huziruka. Kisha nikasimama kando, mikono kiunoni, nikisubiri mtu aje anisifu.

Lile vumbi lilikuwa poda. Hunyunyizwa makusudi ili kete ziteleze, na ubao wa keram hauna adui kama maji. Unavimba, na kete inakwama katikati ya safari kama punda aliyekumbuka kitu nyumbani. Kwa asiyeijua keram, ni ubao wa mraba wenye shimo kila pembe. Unakaa upande wako, unapiga kete kubwa iitwayo straika kwa ukucha, nayo inasukuma kete ndogo, nyeupe au nyeusi, mpaka zitumbukie. Mchezo wote uko kwenye kuteleza. Na mimi, asubuhi ya mashindano ya wanawake ya mwaka, nilikuwa nimeuosha mtelezo wote na kuumwaga nyuma ya jiko.

Nahodha aliingia kwa ule mwendo wake wa mtu anayekimbilia maziwa yanayochemka. Akagusa ubao wa kwanza, akagusa wa pili, hakuhitaji kugusa wa tatu. Hakupaza sauti.

"Nani kakutuma?"

"Hakuna, Nahodha. Nimejitolea tu."

"Basi endelea kujitolea. Zitoe juani, kaa nazo, uwe unazigeuza. Ukiona inzi ametua juu yake akateleza, niite."

Mashindano yalianza mchana. Wageni waliambiwa, na Nahodha mwenyewe, bila kupepesa macho, kwamba sisi watu wa Arusha tuna desturi ya kuota jua kabla ya mchezo. Wa kutoka Babati wakaamini, wakavua masweta yao na kuja kukaa karibu nami na mbao zangu. Mmoja aliniuliza kama desturi hiyo ni ya Wameru au ya Waarusha. Nikamwambia ni ya wote.

Nayasema haya mapema ili asije mtu akanidhania mtaalamu. Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Mume wangu huwaambia wageni kwamba nyumba yetu ina makabati matatu, mawili ya mbao. Nilimaliza kidato cha nne, nikarudi nyumbani, nikakaa, na mpaka leo sijaona sababu kubwa ya kuinuka. Nafuma masweta ya shule kwa mashine, hapa hapa Lemara, sebuleni, dirisha likitazama njia. Na kwa kuwa baridi ya Arusha haina likizo, kazi ipo.

Nahodha alikuwa jirani yangu, mama mtu mzima tayari wakati huo, mjane, Mmeru wa kule juu kwenye migomba na kahawa. Habari za huko juu hakunisimulia, nami sikuuliza. Kumuuliza Nahodha swali refu ni sawa na kumpigia hadithi mtu aliyeko kwenye pikipiki. Alikuja kwangu kuagiza sweta la mjukuu. Akasimama mlangoni, akanitazama vidole vinavyorudisha uzi kwenye sindano za mashine, akasema, "Mama Glory, vidole hivi vinaozea kwenye sufu." Wiki ile ile nilikuwa klabu. Nilikubali saa ngapi, sijui. Nahodha hakuwa mtu wa kuomba. Ulishtukia tu umeshafika.

Sikuwahi kumwona akimaliza kikombe cha chai. Alikunywa nusu, akiwa mlangoni, kisha akaweka kikombe juu ya chochote kilichokuwa karibu: ukuta, mashine yangu, mara moja juu ya tairi la gari la mtu lililokuwa likijiandaa kuondoka. Shikamoo yako ilimkuta mgongoni, na marahaba ikakurudia kutoka kona ya pili. Kwenye kwaya ya kanisa letu la Kilutheri aliimba sauti ya pili, na alichagua kusimama jirani na mlango. Mahubiri yakianza alitoka "kuwaangalia watoto," hata zile Jumapili ambazo watoto walikuwa humo humo ndani wamekaa na sisi. Mchungaji alisema siku moja, mbele ya wazee wa kanisa, "Huyu mama namwombea afike mbinguni. Kukaa huko ni suala jingine."

Watu walicheka, na Nahodha alicheka kuliko wote. Lakini mimi nilikuwa najua kidogo kule kutotulia kwa miguu kulitoka wapi, maana aliniambia. Aliniambia mara moja tu, tukiwa tunatembea, yeye mbele mimi nyuma natafuta pumzi.

Marehemu mume wake alikuwa mwanachama wa klabu. Ni klabu ya zamani, pale mjini, iliyojengwa na familia za Kihindi za wafanyabiashara, kisha ikafunguliwa kwa watu wote, maana yake wanaume wote. Jumamosi wanaume walicheza keram, na wake zao walileta chakula. Walipakua, wakasimama nyuma ya viti na sahani, wakasubiri mchezo uishe ili wakusanye vyombo.

"Nilisimama nyuma ya kiti cha marehemu miaka yote ile," alisema. "Kila kete aliyoikosea niliiona. Nikanyamaza. Wewe unajua kunyamaza na jibu likiwa mdomoni kunavyochosha miguu?"

Kwa hiyo keram aliijua vizuri sana, lakini aliijua kwa kutazama kutoka juu. Hapo ndipo tatizo lake lilipokuwa. Alisema akikaa, ubao unageuka kuwa wa mtu mwingine. Pembe zinasogea, mashimo yanajificha. Akawa anakaa vizuri, anapanga straika yake vizuri, halafu ile sekunde ya kupiga anainuka. Si sana. Kiasi cha kupitisha gazeti kati ya makalio na kiti.

Na sheria ya kukaa aliileta yeye mwenyewe. Miaka ya mwanzo mama mmoja wa Moshi, mrefu, alikuwa akiinama juu ya ubao mpaka unadhani anatafuta hereni iliyodondoka. Nahodha akapeleka hoja: makalio yakiachana na kiti ni faulo, na mwenye faulo anarudisha kete moja ubaoni. Hoja ikapita kwa shangwe. Aliyeumia zaidi na sheria ile, mwaka baada ya mwaka, ni mwenye kuileta. Hakusubiri mwamuzi amwone. Alinyoosha mkono mwenyewe. "Nimeinuka," anasema, na anarudisha kete kwa uso wa mtu anayerudisha mtoto wa kumlea. Ndiyo maana mwenye mashindano hakuwahi kulichukua kombe la mashindano yake. Fainali nilimwona akifika mara kadhaa, na mara zote alizikalia vibaya.

Mwaka mmoja alikuja na kanga ya ziada. Akajifunga kitini, kiunoni, mafundo mawili, akaniambia nikaze. Nikakaza. Mchezo ukaenda vizuri mpaka ilipobaki malkia, ile kete nyekundu ambayo ukiitumbukiza lazima uifuate na kete yako nyingine ili kuifunika, la sivyo inarudi. Nahodha akapanga, akapumua, akapiga, na akainuka na kiti chake. Miguu ya kiti iliachana na sakafu, sote tukaona, naye akatua nacho kwa kishindo kimoja. Malkia iliingia, na kete ya kuifunika ikaingia nyuma yake.

Mwamuzi alikuwa katibu wa klabu, Kalasinga mzee mwenye duka la vipuri, mtu wa haki ambaye kicheko chake huanzia tumboni muda mrefu kabla hakijafika mdomoni. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akasema kwamba kwa jinsi sheria ilivyo, makalio hayakuachana na kiti. Vilikwenda pamoja na vikarudi pamoja. Si faulo.

Sisi wa Arusha tukaanza kupiga vigelegele. Nahodha akanyoosha mkono.

"Katibu, wewe umekiangalia kiti. Mimi najua nilikuwa nakwenda wapi."

Akarudisha kete. Akashindwa. Na baadaye, nikimfungua ile kanga, nilimwambia kwa hasira kwamba ametupokonya kombe lililokuwa mkononi. Akaniambia nifanye haraka kufungua, ana wageni wa kuwapikia.

Sasa msije mkamtoa hapo mkamweka kwenye kalenda ya watakatifu. Mama huyu huyu, aliyejipiga faulo mwenyewe mbele ya watu, zahanati hakuwahi kupanga foleni. Alipita moja kwa moja mpaka mbele akisema, "Mimi nauliza tu," na alitoka na dawa. Sokoni Kilombero alikuwa akionja ndizi za mtu mpaka mwenye ndizi anaanza kuwa na wasiwasi kama yeye ndiye mnunuzi. Niliwahi kumuuliza mbona kwenye keram yuko hivi na kwingine kote yuko vile. Alifikiri kidogo, jambo ambalo kwake lilichukua hatua mbili tatu. "Kwingine kote sheria nilizikuta," alisema. "Hizi niliziomba."

Kuomba kwenyewe hakukuwa kwa magoti. Mume wake alipofariki, Jumamosi iliyofuata baada ya matanga alikwenda klabu kama kawaida, ila hakubeba sahani. Akasimama. Wanaume wakampa pole, wakasubiri aondoke, hakuondoka. Akaenda na Jumamosi nyingine. Mwishowe Katibu akamuuliza, kwa adabu, kama kuna kitu marehemu alikiacha pale. Akasema ndiyo, nafasi yake. Kamati ikakaa, ikakwaruzana, ikatoa jibu la kamati: wanawake wapewe Jumamosi moja kwa mwaka, ukumbi mzima, mbao zote. Lakini kwa sharti. Mwaka wowote watakaoshindwa kuitumia, siku inarudi mikononi mwa kamati, na hairudi tena kwao.

Wengi walijua inarudi. Walishaanza kuipangia harusi na meza za pool. Haikurudi. Kila mwaka walijaa wanawake wa Arusha, wa Moshi, wa Babati, na wale wa Kikatiti wenye vidole kama koleo. Lakini lile sharti halikumtoka Nahodha rohoni. Kushindwa alikuzoea, kushindwa kulikuwa kama baridi ya asubuhi. Alichokiogopa ni mwaka mmoja kupita mtupu. Ikibaki miezi miwili alianza kupungua mwili. Ikibaki mmoja, Lemara nzima ilianza kupungua pamoja naye.

Binti yangu Glory alimwonyesha wakati fulani, kwenye simu, wanawake wa nchi za baridi wakisukuma jiwe kubwa juu ya barafu, huku wenzao wawili wanakimbia mbele ya lile jiwe wakifagia sakafu kwa nguvu ili liteleze vizuri. Nahodha aliishika simu kwa mikono miwili, na ilikuwa mara ya kwanza kumwona ametulia mahali kwa muda wa kuitwa muda.

"Wanashindania nini?"

"Medali, Bibi."

"Ya kufagia?"

"Ni mchezo, Bibi. Ni kama keram, ila wao wako juu ya ubao."

Akaangalia mpaka mwisho, akaomba irudiwe. Halafu akamrudishia simu. "Wenzetu wamefagia wakapewa medali," alisema. "Sisi tumefagia bure miaka yote." Toka siku hiyo, mtu akizembea mazoezini, aliambiwa ashike ufagio, pengine bahati yake iko huko.

Lakini kilichotuchosha Lemara hasa ni jambo la wageni. Nahodha alikuwa na utaratibu ambao sijausikia kwingine: mgeni analala nyumbani kwa yule atakayepambana naye mchezo wa kwanza. Hata wa Kikatiti, ambao wangeweza kurudi kwao jioni na kuja tena asubuhi, aliwalazimisha walale. "Mtu aliyelala kwako," alisema, "hawezi kusimama kesho yake akasema umemwonea." Ni kweli, sikuwahi kusikia ugomvi wa faulo mchezo wa kwanza. Lakini jaribu wewe kumwandalia kitanda mtu, umpashie maji ya kuoga, umpakulie loshoro, ule mchanganyiko wetu wa mahindi na maziwa mgando, bakuli mbili, halafu asubuhi akumalize kabla chai yako mwenyewe haijashuka tumboni, na akitoka ukumbini akushukuru kwa blanketi. Yamenikuta. Mama yule wa Kikatiti bado ananisalimia kwa furaha sana.

Na kwa kuwa wageni walizidi wachezaji, Nahodha aligawa waliobaki kwa majirani wasiocheza. Aligawa kwa miguu, geti kwa geti. Mama Eliya, ambaye geti lake linatazamana na langu na ana chumba cha ziada tangu wanawe waondoke, alikuwa akijificha. Niliwahi kumsikia kwa masikio yangu akimwambia mfanyakazi wake, kutoka nyuma ya pazia, "Mwambie nimesafiri." Nahodha akajibu kupitia dirishani, akiwa ameshaanza kuondoka, "Safari njema, mama. Mgeni wako anafika saa kumi na moja."

Mchezo wenyewe alitufundisha kwa kutufunga. Hakuwahi kumwachia mtu. Mwanafunzi mpya, mgonjwa, mjamzito, mke wa mchungaji, wote aliwafuta ubaoni, akawaambia karibu tena. Wapo waliolia. Mimi nilicheza naye miaka yote hiyo na sikumshinda hata mara moja, labda tuhesabu siku aliyoitwa kwenye simu katikati ya mchezo akasahau kurudi.

Basi mwaka jana, mvua za masika zikiwa zinaishia, aliamka mkono wa kulia haumtii. Kiharusi. Si kikubwa, daktari alisema, lakini mkono na mguu vya upande ule vilikuwa vimekwenda. Mwanawe mkubwa, mwenye nyumba Kisongo huko karibu na uwanja wa ndege, akaja na gari akamchukua. Aliondoka Lemara akiwa amekalishwa kiti cha mbele na mkanda umefungwa, akitoa maagizo kupitia dirishani mpaka gari lilipokata kona.

Nitasema ukweli hata kama haunipendezi: wiki za mwanzo tulipumzika. Njia ilikuwa kimya. Nilifuma masweta ya shule nzima bila kukatizwa. Mama Eliya alifungua mapazia yake. Kisha mwezi wa mashindano ukakaribia, na ule ukimya ukaanza kuniwasha. Nikawa nasikia hatua ambazo hazipo. Nasimama dirishani, narudi kwenye mashine, uzi unakatika, nasimama tena.

Katibu akanipigia simu. "Mama Glory, kamati inaniuliza. Jumamosi yenu ipo au haipo? Wanataka jibu wiki hii. Mimi ningependa iwepo, lakini siwezi kuicheza."

Tukakutana sisi wachezaji, sebuleni kwangu, maana mimi ndiye nisiyetoka. Hakuna aliyesema tufute. Tulisema tusubiri. Tusubiri Nahodha apone, tutamwomba Katibu, watatuelewa, ni mgonjwa. Sharti tulilijua wote na hakuna aliyelitaja. Mimi ndiye niliyekubali haraka kuliko wote, na kwa adhabu ya kukubali haraka nikatumwa Kisongo kumwambia.

Nilifika mchana. Mwanawe alinipokea getini, mtu mzima mwenye mvi, macho yamechoka. "Karibu, mama. Utatusaidia kumkalisha. Kutwa nzima anaizunguka nyumba na fimbo. Tumemnunulia kiti kizuri, anakitumia kuwekea kanga."

Nahodha alikuwa upande wa nyuma, fimbo mkono wa kushoto, anakuja kwangu kwa mwendo wa kuburuta ambao bado ulikuwa na haraka ndani yake. Amekonda. Mdomo umeelekea upande kidogo. Nikaanza shikamoo, hakusubiri imalizike.

"Marahaba. Wa Babati umewaweka kwa nani?"

Nikasema kile nilichotumwa, kwa maneno mengi, jinsi mtu anavyosema jambo la aibu. Kwamba tumekaa, tumeonelea, kwa heshima yake, tusubiri kwanza apone.

"Nani ameonelea?"

"Sote, Nahodha."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Ndege ikapita chini kabisa, ikielekea kutua, tukawa tunatazamana bila kusikilizana. Ilipopita, akasema, "Njoo," akaniongoza barazani. Palikuwa na ubao wa keram juu ya meza. Daktari alishauri auchezee ili kuamsha mkono. Poda ilikuwa imemwagwa kwa fujo, nyingine sakafuni. Mwanawe akaharakisha kusogeza kiti, akamshika kwapa, akamkalisha. Nikakaa upande wa pili. Alianza yeye, kwa mkono wa kushoto.

Straika ilikwenda nusu ya njia ikasimama. Akapiga tena zamu yake ilipofika, ikaruka nje ya ubao, mwanawe akaiokota. Mimi nilitumbukiza moja, mbili, halafu mbele yangu ikabaki kete nyeusi imening'inia mdomoni mwa shimo. Nikaikosa. Niliikosa kwa ustadi, nilidhani.

"Rudia," alisema.

"Nimekosa, Nahodha."

"Hiyo mjukuu wangu anaitia kwa kijiko. Umenihurumia."

Nikasema sikumhurumia. Mwanawe akasema, "Mama, ni mchezo tu," na akatazamwa mpaka akakumbuka ana kazi ndani.

"Hawa wa nyumba hii wananihurumia, nawavumilia, kwa sababu wananiogesha," alisema Nahodha. "Wewe huniogeshi. Piga."

Nikapiga. Sijawahi kucheza mchezo mbaya kama ule, na sijawahi kucheza vizuri vile. Zamu yake ikifika alipanga straika kwa vidole vile visivyozoea, vinatetemeka, anasubiri vitulie, havitulii, anapiga hivyo hivyo. Aliingiza moja. Hakufurahi wala hakulalamika. Macho yake yalikuwa ubaoni muda wote, yanatembea pembe kwa pembe, kama zamani. Nikatumbukiza malkia, nikaifunika kwa kete iliyogonga kingo mara mbili kabla ya kuingia. Ikawa nimemaliza. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nimemfunga Nahodha, na nilitamani ardhi ipasuke.

Yeye alikuwa anaukagua ubao.

"Ya mwisho ulibahatisha," alisema. Kisha akainua mkono wake wa kulia kwa kuushika na wa kushoto, akauweka mezani katikati yetu, kama mtu anayeonyesha kitu alichokinunua. "Umeuona?"

"Nimeuona."

"Daktari anasema nitapona. Nami najua nitapona. Nitapona hivi, Mama Glory. Hivi ndivyo kupona kwangu. Sasa wewe unamsubiri nani?"

Nikamuuliza, kwa sauti ndogo, kama atakuja siku yenyewe.

"Nikipata gari nitakuja. Nikikosa, msisimame dakika ya kunikumbuka, mtachelewesha. Anzeni." Akaanza kujinyanyua, fimbo, meza, bega langu. "Nenda. Bado kuna mwanga. Geti moja moja, usipige simu, kwenye simu watu hukataa."

Mwanawe alikuwa ametoka na chai kwenye sinia. Nahodha akamwambia mgeni anaondoka.

Nilimpigia Katibu nikiwa stendi ya Kisongo, vumbi la magari linaniingia mdomoni. Nikamwambia ipo. Akasema, "Asante. Sasa naweza kula."

Nilishuka Lemara jua likiwa bado juu ya mabati, na sikuingia kwangu. Ningeingia ningekaa. Nilianza na mageti ya wachezaji wenzangu, wakanitazama kama mtu aliyetoka kuhojiwa na polisi, wakakubali. Nikaenda kwa mwalimu mstaafu wa kona, akachukua wawili wa Moshi. Kwa fundi wa viatu, mkewe akasema atauliza, nikasimama pale pale mpaka akauliza. Mbwa wa nyumba ya kijani alinifukuza, nikarudi kwa njia ya nyuma. Nilikuwa sijala, miguu inaniuma, koo limekauka, na nikigundua nimesimama mahali kwa muda naanza kuhesabu kwa haraka waliobaki. Walibaki wawili wa Babati.

Kwa Mama Eliya pazia lilitikisika. Sikugonga. Nilifungua geti nikapita mpaka mlango wa jikoni, nikamkuta amesimama na mwiko mkononi, hana tena pa kujificha. Nikamwamkia, nikamwambia Jumamosi ya wanawake ipo, wageni wawili, wanafika Ijumaa jioni.

Alinitazama kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu vyenye vumbi la Kisongo, na akasema:

"Nilidhani tumepumzika na yule mama, kumbe ametuachia wewe. Wawili siwezi. Niletee mmoja, na asiwe anakoroma."